Kovu la Sebuleni

Muuzaji aliponieleza kwamba mbao zile za mwaloni zimekwisha kupigwa msasa na kupakwa vanishi huko huko kiwandani, na kwamba kazi iliyobaki ni kuzilaza tu, nilimwamini kama mtoto anavyomwamini bibi yake. Jambo ambalo hakunieleza, nami kwa ubahili wa kukwepa ujira wa fundi sikumwuliza, ni kwamba sakafu ya namna hiyo haisamehe. Ile ya mninga tuliyoikuta kwa wazee ililazwa ikiwa bado haijapakwa kitu, ikakanyagwa, ikaangukiwa na nyundo, kisha mwishoni ikapigwa msasa yote na kupakwa vanishi ikawa kama haijapata kuguswa. Hii yangu, mkwaruzo ulioupata saa tatu asubuhi wageni watauona usiku kabla hawajaitikia salamu.

Tunaishi Kigamboni, mahali ambapo mchanga huingia hata kwenye kopo la chumvi. Niliwavua watoto viatu, nikafagia mara nne, nikamkataza mama mkwe asikokote kigoda chake, kisha mimi mwenyewe, mlinzi mkuu, nikapiga magoti huku chembe ya mchanga imejificha kwenye upindo wa suruali, nikajisogeza mbele kwa fahari na kuchora mstari ulionyooka kuliko mstari wowote niliopata kuchora kwa rula.

Nyundo nayo ilikuwa na kesi yake. Ulimi wa ubao mmoja huingizwa kwenye mfereji wa mwenzake kwa kugongagonga, lakini haugongwi ubao wenyewe, bali kipande cha ubao kilichowekwa kati. Hilo nililijua vizuri sana, na nikalifuata kwa mbao kumi na saba. Ya kumi na nane nilijiambia kwamba pigo moja dogo halina neno, na ukingo ukamenyeka kama ganda la yai, kando yake pakabaki kishimo.

Mke wangu alikumbuka kwamba mbao iliyobonyea huinuliwa kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto. Ni kweli, ikiwa mbao haijapakwa kitu, kwa kuwa mvuke huingia ndani na nyuzi zikavimba. Hii ilikuwa imezibwa kwa vanishi, mvuke haukupata njia, na badala ya kishimo kidogo tukapata kishimo kile kile pamoja na ukungu mweupe wenye umbo kamili la pasi. Nilipochukua msasa niufute, nikagundua kwamba vanishi ya kiwandani hutiwa chembe za oksidi ya alumini ili isichakae upesi, hivyo nilisugua hadi bega likalia, na mng'ao ukawa umefifia kwa upana wa sahani ya pilau.

Utepe sitausahau. Nilibandika utepe wa gundi juu ya viungo ili mbao zisiachane gundi ya ndani ikikauka, nikalala usingizi wa mtu mwenye akili, na asubuhi nilipoubandua ukaondoka na vanishi.

Fundi niliyekuwa nikimkwepa alikuja hatimaye, akazunguka mikono ikiwa nyuma kama mtu aliyekuja kutoa pole. “Mzee, hapa ulikuwa unalaza sakafu au unaichinja?” Mikwaruzo midogo aliijaza nta ngumu ya rangi ile ile, akaikwangua kwa kadi ya plastiki hadi ikalingana na ubao, na ukisimama huioni. Ubao wa pasi hakuubembeleza: aliuchana katikati kwa msumeno uliopimwa kina, akautoa vipande vipande kwa patasi, akaukata ubao mpya mdomo wa chini wa mfereji ili ushuke kutoka juu, akaupaka gundi, kisha akauwekea debe la maji lilale nao hadi kesho yake. Mbao zenye kasoro ndogo, akasema, nilipaswa kuzitenga tangu mwanzo kwa ajili ya chini ya kabati. Mimi zile nzuri kabisa ndizo nilizozificha chini ya kabati, kwa sababu nilianzia huko.

Katika maboksi yote umebaki ubao mmoja mzima. Nimeuviringisha kwenye blanketi na kuulaza chini ya kitanda, na mke wangu ameniuliza mara mbili ni lini mara ya mwisho nilipomfunika yeye kwa uangalifu wa namna ile.