Watu wakibishana siasa kijiweni nani anafaidika?

Siasa zikichacha huwa hawakosekani watu wa kusema jamani tukae tuongee, wa chama hiki akae na wa chama kile, chuki itaisha yenyewe. Sasa kwa hapa Kigoma mbona hilo tunalo miaka yote, pita vijiwe vya kahawa Ujiji au Mwanga jioni utakuta CCM, ACT na Chadema benchi moja, wanarushiana maneno mpaka unadhani watashikana mashati halafu mmoja anamlipia mwenzake kahawa wanaondoka pamoja. Ndio mkoa uliompeleka Zitto Kabwe bungeni kwa Chadema halafu 2015 kwa ACT, kwa hiyo kuhama na kubishana sio vitu vigeni huku.

Ila kuna mama mmoja mtaalam wa sayansi ya siasa Marekani, Diana Mutz wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 2006 alitoa utafiti unaotutia kidogo mchanga kwenye hicho kitumbua. Aliona kwamba anayeongea siasa na watu asiokubaliana nao kweli anakuwa mvumilivu, anaweza hata kukueleza wale wengine wana sababu gani, sawa, lakini mtu huyohuyo ushiriki wake unapoa. Anaanza kuwa na mashaka na upande wake, na pia hataki kuwaudhi watu anaoishi nao, basi anakaa pembeni. Wenye moto wa kampeni ni wale wanaoongea na wenzao tu. Na kingine ambacho mi kilinichekesha, kule kwao wasomi ndio wanaosikia upande wa pili kidogo kuliko watu wa kawaida. Nikikumbuka magrupu ya WhatsApp ya wasomi wetu ambayo ukipinga tu admini anakutoa, wala sishangai.

Sasa rudi kijiweni uhesabu wanawake. Hakuna. Wapo Kibirizi alfajiri wanagombea dagaa, wapo saluni, wapo kwenye vicoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Kuna watakaosema wanawake wanaongea siasa sana tu ila sio pale mnapotafuta, ushuru wa soko, maji, dawa kukosekana zahanati, hiyo yote ni siasa na wao wenyewe ukiwauliza mnaongea siasa watakwambia hapana. Ni kweli kabisa. Lakini maneno ya kwenye kikoba hayaingii kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, na bajeti inafuata muhtasari.

Hapo ndio kazi ya Tali Mendelberg na Christopher Karpowitz, nao wataalam wa sayansi ya siasa wa Marekani, inapokuwa na maana. Hawa waliweka watu watano watano kwenye vikundi, wakabadilisha idadi ya wanawake, wakabadilisha na namna ya kuamua, kuna vikundi walipiga kura wengi wape na vingine lazima wote wakubaliane. Wanawake wakiwa wachache na maamuzi ni ya wengi wape, waliongea kidogo kuliko sehemu yao na wakakatizwa vibaya. Ilipokuwa lazima wote wakubali, wanawake haohao wachache wakasikika. Walipokuwa wengi ndio wengi wape ikawafaa. Kwa hiyo nani kasema wanawake kwa hulka ni wakimya au wapole wa siasa? Kilichobadilika ni utaratibu wa kikao. Na wakiongea zaidi mazungumzo yenyewe yanahamia kwa watoto, familia, masikini.

Tazama sheria yetu. Baraza la Ardhi la Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 lina wajumbe 7, wanawake lazima wawe 3. Watatu kati ya saba ni wachache bado, ila kazi ya baraza ni usuluhishi, yaani mpaka pande zikubaliane, kwa hiyo nadhani wale watatu wana nguvu kuliko wangekuwa kwenye kikao cha kunyoosha mikono.

Mtu atasema basi tufanye kila kitu kwa makubaliano, ndio asili yetu. Taratibu. Hiyo hoja ya wazee wanaongea mpaka wanakubaliana Mwalimu Nyerere aliitumia kutetea chama kimoja, na kuanzia 1965 mpaka 1992 tulikuwa nacho kisheria. Tumekubaliana wote, kumbe kuna waliochoka kupinga.

Halafu vile vikundi vya Marekani walikuwa watu wasiojuana, mkutano ukiisha kila mtu kwao. Mwanamke aliyeolewa kijiji cha Kasulu au Uvinza, yule anayempinga kwenye mkutano ni shemeji yake, au mume mwenyewe kakaa mstari wa mbele. Ile hofu ya kuudhi watu aliyoisema Mutz kwake ni ya ukoo mzima, sasa ukimwambia mama asimame apinge mpaka wote wakubali unamtafutia kesi nyumbani. Mi naona kwa mambo ya mjadala mwenyekiti azunguke kila mjumbe aseme kabla ya kufunga hoja, hata kama jua linazama na yeye anataka kwenda, halafu uamuzi wenyewe kama ni mzito upigiwe kura ya siri. Itachukua muda na wenye sauti kubwa watalalamika mnachelewesha maendeleo. Waacheni walalamike.