Macho mekundu ya chini ya ardhi

Juni 2020, Marekani ikiwa bado barabarani kwa ajili ya George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi, kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa tamko kuhusu viumbe ambao hawapo. Ilisema kwamba katika mchezo wake wa kusimuliana hadithi mezani kwa dadu, Dungeons & Dragons, Wadrow wenye ngozi nyeusi na maorki, majitu ya vita ya hadithini, hawataandikwa tena kama jamii zilizozaliwa na ubaya. Wataandikwa kama jamii nyingine yoyote, yenye wema wake na wabaya wake. Wapenzi wengi wa mchezo walikasirika, wakasema siasa imeingia mezani bila hodi. Hata hapa Mwanza, ambako wanaocheza mchezo huu ni wachache kiasi cha kujuana kwa majina, jibu ninalolisikia zaidi ni hili: hayo ni madeni ya Wamarekani na utumwa wao. Sisi weusi watupu wa Kanda ya Ziwa yanatuhusu nini?

Hoja hiyo si ya kipuuzi, na nitaipa nafasi yake. Ila wanaoitoa nadhani hawajamtazama vizuri Mdrow mwenyewe.

Kwa ufupi, kwa asiyewajua: Wadrow ni maelfi, viumbe wa ngano wanaofanana na watu, ila hawa ni wa chini ya ardhi. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo, aliwaleta mezani mwaka 1978, ingawa mizizi yao ni ya zamani zaidi. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland, katika karne ya 13, alikwisha kuandika kuhusu maelfi wa gizani wakaao ardhini, weusi kuliko lami. Wadrow wa mchezoni wana mji wao maarufu, Menzoberranzan, uliojengwa ndani ya pango kubwa. Mungu wao ni Lolth, malkia wa buibui. Makuhani wake ni wanawake, na wanawake hao ndio wanaotawala koo. Mtoto wa kiume wa tatu hutolewa kafara. Ngozi yao nyeusi tii, nywele nyeupe pe, macho mara nyingi mekundu. Gizani wanaona hadi futi 120, lakini jua likiwapiga wanapepesuka.

Sasa isome tena orodha hiyo ukiwa umekaa Magu au Kwimba. Mwanamke. Mweusi. Nywele nyeupe. Macho mekundu. Ana dawa, na anatembea usiku.

Nililiona hili likitokea mbele yangu, kwenye chumba cha kupanga kule Nyegezi, vijana wanne na karatasi za kutoa kopi mezani. Msimulizi alikuwa anamwelezea kuhani wa Lolth kwa sauti nzito ya kutisha: anatoka kizani taratibu, nywele kama pamba, macho yanawaka mekundu. Kijana mmoja, mtu wa Magu, akaweka dadu chini akacheka. “Kaka, huyo si bibi yangu?” Wote wakaangua kicheko. Halafu mwenzake akauliza, naye akicheka bado, “Sasa tunamuua au tunamwamkia?” Hapo kicheko kikapungua kidogo, kwa sababu kila aliyekuwemo mle ndani amekulia huku na anajua swali hilo limewahi kujibiwa vipi.

Ripoti ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu iliyotoka mwaka 2012 ilikadiria kwamba watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi kati ya 2005 na 2011, na Mwanza na Shinyanga zilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Wengi walikuwa vikongwe wa kike, na alama iliyotajwa tena na tena ni macho mekundu. Namba hiyo huwa siwezi kuisoma nikapita. Igawe kwa miaka saba: zaidi ya watu 400 kwa mwaka. Igawe tena kwa siku: zaidi ya mtu mmoja kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa miaka saba mfululizo. Na huyo wa kila siku hakukutwa na kitu. Alikutwa na macho.

Macho hayo yana sababu, na kila mama wa Usukuma anaijua. Huku miti ilikwisha siku nyingi. Ilikatwa kufukuza mbung'o, ikakatwa tena kupisha pamba. Mwanamke anayepika kwa mafiga matatu ndani ya kijumba kisicho na dirisha, akichochea mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, anakula moshi asubuhi na jioni kwa miaka hamsini. Ongeza vikope, ongeza uzee. Akifika miaka sabini macho yake yatakuwa mekundu hata kama hajawahi kumwazia mtu baya. Ndiyo maana watetezi wa wazee huko Magu, pamoja na kuhimiza sheria, walihimiza majiko banifu. Fikiria hilo: kuokoa maisha ya bibi kwa kupunguza moshi jikoni, ili macho yasije yakamshuhudia vibaya.

Kuna la pili ambalo wanaofuatilia kesi hizi wanalijua. Chini ya tuhuma nyingi kuna shamba. Kuna mjane aliyebaki peke yake kwenye eneo la marehemu mumewe, na ndugu wa mume au hata watoto wa kambo wanaolitaka. Kuna ng'ombe. Kuna mtoto aliyekufa kwa malaria na mganga anayehitaji jina la kutaja. Macho mekundu hayakuanzisha ugomvi, kazi yake ni kuuficha. Ukishakuwa na alama mwilini mwa mtu, huna haja ya kueleza unamtaka nini.

Hapo ndipo ninapowaelewa waliodai Wadrow wabadilishwe, na nadhani wameeleweka vibaya, wakati mwingine kwa makosa yao wenyewe kwa kuwa walizungumza kana kwamba suala ni rangi peke yake. Kwa Mmarekani, labda ni rangi. Kwetu rangi haitoshi kueleza. Kanda hii hii, kuanzia kama 2007, iliwawinda watu wenye ualbino, na huko alama ilikuwa weupe. Mtu mmoja aliogopwa kwa jicho jekundu, mwingine akatafutwa kwa ngozi nyeupe, na panga lilikuwa lile lile. Kinachoua ni ile imani kwamba mwili ni barua ya wazi, kwamba ukimwona mtu kwa mbali umekwisha kujua moyo wake au thamani ya mfupa wake. Wadrow wa vitabu vya zamani wamejengwa juu ya imani hiyo. Mchezaji anaambiwa rangi ya ngozi, ya nywele na ya macho, kisha anachomoa upanga kabla mtu hajasema neno.

Na tukitaka kuwa wakali, hata maumbile yanakataa. Viumbe wakaao mapangoni kizazi baada ya kizazi hupoteza rangi. Yupo mnyama anayeitwa olm katika mapango ya Slovenia, mweupe kama nyama ya kuku iliyochemshwa, na samaki wa mapango ya Meksiko hana rangi wala macho. Weusi ni zawadi ya jua. Sisi tuliopo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta ndio tunaouhitaji. Jamii iliyoishi gizani miaka elfu kumi ingetoka imepauka.

Tena mfano tunao majini hapa hapa. Katika Ghuba ya Mwanza wapo furu wawili wanaokaribiana sana kiukoo. Mmoja dume lake ni la bluu na hukaa karibu na uso wa maji, penye mwanga mwingi. Mwingine, aliyepewa jina la kisayansi Pundamilia nyererei kwa heshima ya Mwalimu, dume lake ni jekundu na hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaofika ni wa upande wa wekundu, na macho ya samaki hao yamezoea kuona wekundu huo. Watafiti wameandika mengi kuhusu namna kina na mwanga vilivyowatenganisha hata wakawa aina mbili. Wekundu wa furu wa chini unakueleza anaishi wapi na jike lake linaona nini. Zaidi ya hapo haukuelezi kitu.

Najua jibu lake: hii ni ngano, nani anatafuta biolojia kwenye ngano? Sawa. Lakini kama weusi wa Wadrow hautokani na maisha yao, basi mwandishi ameuweka kwa kazi nyingine, na tuna haki ya kuuliza ni kazi gani.

Sasa upande wa pili. Hoja ya kwanza ni kwamba hakuna kikongwe wa Misungwi aliyewahi kudhurika kwa sababu kijana wa Nyegezi alitupa dadu. Ni kweli kabisa, na mtu akidai mchezo huu umechangia mauaji hayo nitasimama upande wa mchezo. Hoja ya pili ni kwamba masimulizi yanahitaji adui, na babu zetu walisimulia zimwi bila kulionea huruma. Hiyo nayo ni kweli, ila zimwi halina mji. Halina koo, sheria za mirathi, shule ya upiganaji, wala mama anayemlilia mtoto. Ukishawapa viumbe wako mambo hayo yote, umeshaumba watu, na watu hawasomwi kwa ngozi.

Hoja ya tatu huwa inatolewa na mabinti, na inanisumbua kidogo. Wanasema Wadrow ni moja ya jamii chache katika michezo hii ambamo mwanamke anaamuru na mwanaume anatii. Ukianza kuwasafisha utaondoa pia nguvu hiyo. Naielewa hamu yenyewe. Lakini tazama nguvu hiyo ilivyochorwa: wanawake wakipata utawala, kitu cha kwanza wanachofanya ni kuchinja watoto wao wa kiume kwa ajili ya buibui. Hiyo ni hofu ya wanaume kuhusu wanawake wenye madaraka, na ni hofu ile ile inayomtazama mjane mwenye shamba lake na kuuliza amemfanya nini mumewe.

Hoja nzito kuliko zote ni ya nne, nayo inamhusu Drizzt Do'Urden. Huyu ndiye Mdrow mashuhuri kuliko wote, aliyeletwa na mwandishi wa riwaya R. A. Salvatore mwaka 1988: kijana wa Menzoberranzan aliyeukataa ubaya wa kwao na kupanda juu kwenye jua linalomuumiza macho. Wakosoaji wanauliza: kama Wadrow wema wamejaa kila kona, huyu alikataa nini? Uzito wa safari yake unatokana na giza alilolitoka. Hapo wana haki, na tamko la 2020 halikuwajibu.

Lakini Drizzt mwenyewe ana tatizo. Macho yake ni ya zambarau. Katika mji ambao macho mekundu ndiyo ya kawaida, aliye mwema anatambulika kwa macho tofauti! Hata katika hadithi ya kumwokoa mmoja, mwili umeachiwa utoe ushahidi. Na wema wa mmoja haukuwafuta wengine tuhuma. Ulizikaza, kwa kuwa kila mtu sasa angeweza kusema, “Simchukii Mdrow, nampenda Drizzt.” Huku kwetu kauli hiyo tunaifahamu: bibi yangu mimi ni mwema, hao wengine ndio wachawi.

Kampuni nayo ilipojaribu kurekebisha, ilichukua njia ya mkato. Mwaka 2021 ikatangaza kwamba wapo Wadrow wengine, wa barafuni kaskazini na wa msituni kusini, ambao hawakuwahi kumfuata Lolth. Yaani wema wamehamishiwa mbali na wa Menzoberranzan wakaachwa vile vile. Sikuipenda. Afadhali wangeuacha mji ule na ukatili wake wote, halafu watueleze unavyofanya kazi: koo gani inashika chakula, nani anaogopa kumtaja Lolth vibaya na kwa sababu gani, mama anayepeleka mtoto wa tatu madhabahuni anaambiwa nini na majirani usiku ule. Giza la Drizzt lingebaki zito kama lilivyokuwa, ila lingekuwa na wenyewe.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchora macho mekundu. Yule msimulizi wa Nyegezi alijaribu wiki iliyofuata. Kuhani yule yule akatokea, na safari hii alitaka kitu: koo yake ilikuwa inanyang'anywa shamba la uyoga na koo ya jirani, na jirani ndiye aliyewaita wachezaji waje kumuua, akiwaahidi dhahabu, akiwaapia kwamba ni mchawi. Wakabishana karibu saa nzima. Wawili walitaka dhahabu na walitoa sababu zao bila aibu. Mmoja alilalamika kwamba mchezo umepoa, kwamba alikuja kupigana na sasa anakaa kwenye baraza la ardhi la kijiji.

Umepoa kweli kidogo, siwezi kumkatalia. Kule Magu baraza kama hilo lingekaa mapema, baadhi ya vikongwe wangekuwa hai.