Bima ya simu: uliza kwanza "wizi" ni nini

Kila mtu akinunua simu mpya ananiuliza, eti nilipe bima ama ni pesa ya kutupa? Mie jibu langu huwa refu maana nishailipia miezi tisa na ikanitokea puani.

Simu nilinunua 24,000, pale pale dukani wakaniambia ongeza 250 kila mwezi uwe na bima ya wizi na kuvunjika. 250 ni nini jamani, si chai na mahamri ya siku mbili tatu, nikasaini. Maandishi yenyewe madogo kama sisimizi, na nani atasoma amesimama kaunta watu nyuma wanasonya.

Sasa siku hiyo navuka na feri ya Likoni, hapa Mombasa, asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi, geti likafunguliwa, na mwaujua ule mteremko, watu wanamwagika kama maji, huyu na baiskeli ya mikate, yule na mtoto mgongoni, mie mkoba nimeukumbatia hivi. Kufika ng'ambo napapasa, zipu iko wazi, simu hakuna. Sikusukumwa, sikusikia hata mkono. Feri ni bure kwa sisi wa miguu lakini nauli yangu siku ile ilikuwa 24,000.

Nikaenda polisi, nikaandikiwa OB, kile kitabu chao cha matukio, nikapata abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti, nikaipeleka ofisi ya bima nimejaa imani. Dada wa pale akaniuliza kwa upole kabisa, "Ulipigwa?" La. "Ulitishiwa na kisu?" La. "Mkoba ulikatwa?" Nikauweka mezani, mzima, hata uzi haujachomoka. Akanigeuzia karatasi, kalamu akaiweka kwenye mstari: wizi ni ule wa nguvu au wa kuvunja. Wangu mie ukaitwa kupotea, na kupotea hakulipwi. Wallahi ningejua ningemwomba yule mwizi anizabe japo kofi moja.

Simlaumu dada, saini ni yangu. Lakini hebu fikiria simu zetu hapa zaenda vipi. Feri, Marikiti, stejini Mwembe Tayari. Ile ya kunyakuliwa dirishani mwa matatu angalau una la kubishana. Hizi nyingine ni kazi ya vidole tu, na vidole ndivyo bima yangu haikuvitaka.

Haya, utasema na skrini je? Kuna kitu wanaita ekses, yaani kile unachotoa mfukoni mwako kwanza ndipo nao watoe chao. Yangu ilikuwa 2,500. Skrini kwa fundi niliambiwa 5,500. Bima ya mwaka 3,000, jumlisha ekses, 5,500 hiyo hiyo! Tena fundi anakurudishia jioni, wao simu inakaa kwao, wewe unazunguka na kasimu ka kuazima. Na simu ikizeeka nao wanaipunguzia thamani, ila ile 250 haizeeki.

Kwa hivyo mie nasema hivi, simu ambayo ukikaza mkanda miezi miwili unanunua nyingine, usiikatie bima. Mpwa wangu ndiye nilimwambia akate, yeye anauza madera kwa simu, simu yenyewe ghali, ikifa leo kesho hana kazi. Lakini nilimkalisha nayo fomu nikamwambia tafuta neno wizi, tafuta maji, usisaini mpaka uyaone. Maji hasa, maana huyu hupiga picha ufuoni na maji ya chumvi hayana mchezo.

Halafu kilichonikimbiza mbio siku ile si simu hata, ni laini. M-Pesa iko mle, na kwenye bima yangu hakukuwa na mstari wowote wa pesa zilizomo kwenye simu. Niliazima simu ya muuza kahawa nikapiga laini ifungwe kabla sijafika polisi. Na ile namba ya IMEI, yaani namba ya kuitambulisha simu yenyewe, bonyeza *#06# sasa hivi uiandike mahali, polisi wataiuliza na boksi lililoandikwa namba hiyo utakuwa ushalitupa.

Siku hizi 250 yangu naitia kwenye kibubu. Miezi saba sasa, ilifaa iwe 1,750, iko 1,250 kwa sababu kuna siku samaki changu walikuwa bei nzuri. Simu nikifika Likoni inaingia ndani ya sidiria, na huko akija wa vidole tutapigana, abstrakti nitakuwa nayo ya haki.