Punda wetu mnamwona, farasi wao je?

Kuna mzungu mmoja kazini kwetu hapa Tennessee, Marekani, mtu mwema tu, mcheshi, mkarimu wa chakula, ila ana tabia ya kuniletea Afrika kwenye simu kila tukipumzika. Leo twiga, kesho mafuriko. Juzi kaniletea punda. Punda wa bara huko, mahali pakavu, anavuta mkokoteni wa mitungi ya maji, kagoma, na mwenyewe anamshushia bakora. Mzungu akatikisa kichwa kama aliyepata habari za msiba. Akaniuliza kwani kwetu Kenya hakuna sheria ya wanyama. Nikamwambia ipo. Akanitazama kwa huruma, ile huruma mnayoijua nyinyi mnaoishi nje, ya kumsikitikia mtu kwa pale alipozaliwa.

Isingeniuma hivyo, lakini kichwani alikuwa amevaa kofia ya mashindano ya farasi ya Shelbyville.

Shelbyville ni mji mdogo wa Tennessee, ukitoka Nashville kuelekea kusini hufikishi saa moja na nusu. Tangu 1939 kila mwisho wa Agosti hufanyika pale mashindano makubwa ya farasi wa jimbo hili, wanaoitwa Tennessee Walking Horse. Ni farasi wazuri, nisiwanyime haki yao. Walizalishwa ili wenye mashamba makubwa wazunguke kutwa bila kuumwa mgongo, na mwendo wao wa asili ni laini, watu hujigamba kwamba unaweza kumpanda ukiwa na kikombe cha kahawa mkononi kisimwagike. Mungu kamuumba na mwendo huo. Angeachwa nao, nisingekuwa na neno leo.

Ila wanaoshinda taji kubwa hawatembei hivyo. Wanatembea mtindo unaoitwa Big Lick. Nilikwenda kuona, sikusimuliwa. Farasi anaingia uwanjani taa zikiwa kali, miguu ya mbele imefungwa chini ya kwato mapande mazito yaliyopandanishwa, mnyama utadhani kavaa viatu vya mchuchumio. Juu ya kwato, kwenye kifundo, mnyororo unacheza kila hatua. Anaurusha mguu juu karibu na kifua, anaushusha, anaurusha mwingine, huku kiuno cha nyuma kimezama kama anayetafuta pa kuketi. Watu wanapiga mayowe ya furaha. Mimi ni mtoto wa Lamu, nimekulia ubavuni mwa punda. Mnyama anayenyanyua mguu namna ile anakimbia kitu kilicho mguuni.

Na kweli kipo. Kwa miaka mingi wakufunzi wamekuwa wakipaka kifundo mafuta ya haradali, dizeli, mafuta ya taa, chochote kinachounguza, kisha wanaviringisha nailoni ile ya kufunikia chakula na kuacha dawa ile siku kadhaa imle farasi ngozi. Kidonda kikiiva, ndipo mnyororo unafungwa juu yake. Kila hatua mnyororo unagonga kidonda, kila ukigonga mguu unaruka, na kila mguu ukiruka jaji anaandika alama. Wengine hawahangaiki na dawa: wanachonga kwato mpaka wafike kwenye nyama, wanapigilia kiatu, au wanapachika kitu kigumu kati ya kwato na pande ili farasi akikanyaga asiweze kutulia.

Mtasema ukatili uko kila mahali. Sawa. Kilichonikosesha usingizi mimi ni kinachofanywa baada ya hapo.

Kabla ya kuingia uwanjani lazima farasi akaguliwe. Mkaguzi anamshika mguu, anabonyeza kifundo kwa vidole gumba, anaangalia kama atashtuka. Akishtuka, hashindani. Basi huko mazizini hufanywa ukaguzi wa maigizo. Mtu anajitia mkaguzi, anabonyeza kidonda, farasi akitikisika anapigwa kichwani. Anabonyeza tena, anapigwa tena. Hivyo hivyo mpaka mnyama ajue kwamba kuguswa kunauma, ila kuonyesha kwamba kunauma kutamuuma zaidi. Siku ya siku anasimama mbele ya mkaguzi kama gogo. Asiyefundishika hupakwa dawa ya ganzi iliyopimiwa saa: ifanye kazi kwenye foleni ya ukaguzi, iishe nguvu akifika mbele ya majaji, maana uwanjani maumivu yanahitajika. Makovu nayo yana dawa yake ya kuyabambua.

Punda wa kwetu, jamani, kidonda chake kiko mgongoni. Mnakiona. Shogi limemchubua, nzi wamejaa, anapita njia kuu na mawe ya kujengea au mifuko ya simiti, na bibi yeyote aliyeketi barazani ana ruhusa ya kumwambia kijana anayemswaga, "Wee mwana, huna imani? Mteremshe mzigo huo!" Kijana atamjibu vibaya au atateremsha, lakini amesemwa mbele ya watu. Na punda mwenyewe akiumwa atalia mtaa wote usikie. Hakuna aliyewahi kumfundisha kunyamaza.

Hapa ndipo najua mtaanza. "Huyu naye, kukaa Marekani miaka miwili mitatu keshaota mapembe, anatufundisha kumtazama punda." La hasha. Mimi huyu mmoja nimepakia mchanga jetini na fimbo mkononi, na najua kwa nini kijana anampakia punda mifuko mingi zaidi ya anavyoweza: anayemlipa anahesabu safari, na ya jioni hiyo haijatosha unga. Simtetei. Nasema tu sababu yake naijua na nyinyi mnaijua. Sasa nitajieni sababu ya mtu mwenye zizi lenye feni na gari la kubebea farasi lililo refu kuliko nyumba yetu, anayemchoma mnyama kwa ajili ya taji na utepe. Njaa gani ile?

Wa pili namsikia anasema, "Watu hawana dawa hospitalini, wewe unalilia farasi wa wazungu." Ndugu yangu, nalipa ada za watoto wa dada yangu na dawa za mama, usinipimie huruma. Na mbona alipoletewa punda wetu kwenye simu hakuna aliyemwambia yule mzungu ashughulike kwanza na wasio na makazi wanaolala chini ya madaraja ya Nashville? Nyani haoni kundule, ila nyani wa huku kanunua kioo kizuri kisha akakigeuzia kwetu.

Wa tatu ndiye mgumu, maana anasema kweli. Huyu ananiuliza: wewe unayesema kwetu hakuna kuficha, umesahau siku waziri anapozuru? Sijasahau. Shuka mpya wodini, barabara inamwagiwa maji, watoto wa shule wanafundishwa jibu la kila swali na mwalimu kasimama nyuma na jicho lake. Kuficha kidonda mbele ya mkaguzi hatukuja kujifunza Tennessee. Nakubali, na inaniudhi kukubali. Lakini kwa wanyama, bado naona tofauti. Sisi uzembe wetu tunautembeza mchana. Hawa wameufanya ufundi, una mafundi wake na bei yake.

Halafu kuna hili la punda wetu ambalo likitajwa napandwa na hasira mpaka nasahau farasi. Nchi ile ile yenye Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360, ndiyo iliyofungua machinjio ya punda Naivasha, Mogotio, Lodwar na Machakos ili ngozi ziende China zikatengenezwe dawa. Mtu analala na punda wake, anaamka na kamba. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, mwaka uliofuata mahakama ikaitengua marufuku hiyo, tukabaki tunatazamana mpaka Umoja wa Afrika ukatoa msimamo wa bara zima Februari 2024. Na hospitali ya punda tuliyonayo Lamu tangu 1987, inayotibu bila malipo, ni ya shirika la Waingereza. Nasema hivyo kwa shukrani na kwa aibu, vyote viwili. Sisi tuliokula jasho la punda karne na karne, tulingoja mtu avuke bahari kuja kumsafisha kidonda. Hata sasa wapo wanaompeleka pale akiwa amekwisha anguka. Hayo nayasema mimi mtoto wa nyumbani. Mwenye kofia ya Shelbyville hayamhusu.

Nilimwuliza, lakini. Nikamwambia, na farasi wako wale wanaochomwa miguu? Akacheka kidogo, akasema hayo mambo ya zamani, sasa kuna sheria, ni wachache waovu wanaowaharibia wengine jina. Maneno haya haya nimeyasikia kwa kila mtu anayependa mchezo huu, na huenda wengi wao kweli hawajawahi kumtia farasi moto. Basi tuitazame hiyo sheria.

Ilipitishwa 1970. Ukiisoma utakuta inakataza kumwonyesha, kumuuza au kumsafirisha farasi aliyeumizwa hivyo. Kumuumiza kwenyewe, ndani ya zizi lako, haikugusi. Mwaka 1976 wakairekebisha, na kwa kuwa serikali haikuwa na wakaguzi wa kutosha, wenye mashindano wakaruhusiwa kuajiri wakaguzi wao. Yaani anayekagua analipwa na wale wale anaowakagua. Mtu wa Kenya hahitaji kuelezwa mwisho wa mpango wa namna hiyo. Mwaka 2010 mkaguzi mkuu wa ndani wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliandika kwamba wakaguzi wale walikuwa na mgongano wa maslahi na kwamba makosa yalionekana zaidi pale madaktari wa serikali walipokuwapo. Ajabu gani! Mwaka 2006 hao wa serikali walipobana Shelbyville, bingwa wa dunia hakupatikana kabisa, maana farasi wengi wa fainali walikataliwa. Mwaka 2011 walichukua sampuli za miguu ya farasi 52 pale pale, na zote 52 zikakutwa na vitu visivyotakiwa kuwapo. Mambo ya zamani, wachache waovu.

Mwaka 2012 ikatoka video iliyochukuliwa kwa kamera ya siri na mpelelezi wa shirika la kutetea wanyama la Humane Society, ndani ya zizi la mkufunzi mwenye jina kubwa, Jackie McConnell. Yote niliyoyaandika hapo juu, dawa, nailoni, kipigo, yamo. Alikiri kosa, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3 na faini ya dola 75,000. Hapo, niwape haki yao, wazungu hawa wana kitu ambacho natamani tungekuwa nacho: mtu aliyekubali kufanya kazi ya kuzoa samadi na kamera ya siri, kwa ajili ya mnyama ambaye si wake, na televisheni ya taifa iliyothubutu kuirusha. Kwetu angeitwa msaliti na zizi lenyewe lingekuwa la mheshimiwa.

Lakini baada ya televisheni? Mswada wa kupiga marufuku mapande na minyororo ulipita Baraza la Wawakilishi 2019, ukapita tena 2022, na mara zote mbili ukafia Seneti. Wizara ikaandika kanuni mpya 2024, ikiwemo kuwaondoa wakaguzi wa kulipwa na wenye mchezo. Ilikuwa ianze Februari 2025. Januari, jaji mmoja wa mahakama huko Texas akaifuta sehemu kubwa.

Wala si Tennessee peke yake, wala si wazungu peke yao. Kuna farasi wa maonyesho hapa Marekani wamedungwa pombe mkiani ili mishipa ife na mkia usichezecheze mbele ya majaji. Binamu yangu aliyeko Riyadh ananitumia vituko vya ngamia: kwenye mashindano ya urembo ya Mfalme Abdulaziz, Desemba 2021, zaidi ya ngamia 40 waliondolewa kwa kudungwa midomo na kuvutwa nyuso, mamilioni ya dola za zawadi yakiwa mezani. Binamu anacheka. Mimi naona angalau kule Saudia wametumia mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, wakatangaza adhabu kali kwa wenye ngamia hao.

Kuna aliyeniandikia tayari, kabla hata sijamaliza kulisema hili mahali, kwamba mgeni hasemi nyumba ya watu, na shukrani ya punda ni mateke. Sawa, bwana. Ila mgeni huyu anakatwa kodi kila wiki mbili, na mshahara wa daktari wa serikali anayebonyeza vifundo vile Shelbyville unatoka humo. Nimemwandikia seneta wa jimbo hili nikitaka kujua msimamo wake kuhusu mapande na minyororo. Nimejibiwa barua ya kunishukuru kwa maoni yangu. Nimeandika nyingine, na safari hii nimemwuliza swali moja tu, la ndiyo au hapana.