Kitako cha ganda hakisemi nani alifyatua

Geuza ganda tupu la risasi ya .303, ya bunduki za Kiingereza, utazame kitako chake. Unaweza kukuta K16 VII. K ni kiwanda cha Kynoch cha Birmingham, 16 ni mwaka 1916, na VII ni toleo la risasi ambalo Uingereza ililipitisha 1910. (Nazungumzia ganda tupu. Yenye baruti ndani ni habari ya polisi.)

Kuna vitabu vinavyomfasiria mkusanyaji wa maganda chapa hizi za kitakoni, na wanaovitetea wana hoja nzito. Katika Vita Kuu ya Pili Ujerumani ilificha majina ya viwanda nyuma ya herufi, na ganda lenye "aux" ni bubu mpaka upate orodha inayokwambia ni kiwanda cha Polte cha Magdeburg. Tatizo ni kwamba si kila kitabu kinachosifiwa kinamfaa mkusanyaji. Cartridges of the World cha Frank Barnes, kilichotoka mara ya kwanza 1965, kinajulikana kuliko vyote, lakini kinamhudumia zaidi mpiga shabaha: vipimo, uzito, nguvu. Waandishi wengine, Hackley, Woodin na Scranton, walijibana: juzuu yao ya 1967 inahusu risasi za jeshi la Marekani peke yake, 1880 hadi 1939. Kwangu mimi huo ndio ukusanyaji. Kitabu kinachotaka kujua kila kitu humwacha msomaji njia panda pale tu anapokihitaji.

Wakosoaji nao wanasema vitabu hivi vinasoma kiwanda, havisomi vita. Hapa Afrika Mashariki hoja yao inauma. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walishindwa na Wajerumani Tanga, wakakimbilia merikebuni na kuacha ufuoni bunduki, bombomu na risasi kwa malaki. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, walikuwa na bunduki za Mauser za 1871, zilizotumia baruti nyeusi na kutoa moshi uliowafichua, kwa hiyo ngawira ile ilikuwa neema. Novemba 1917 wakavuka Ruvuma, wakawapora Wareno silaha huko Ngomano, Msumbiji. Walipojisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 1918, bunduki walizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Basi ganda la Kynoch likiokotwa kusini mwa Tanzania, nani alifyatua? Kitabu kitakupa Birmingham, na hakitakosea. Jibu lenyewe lilikuwa ardhini: lilikuwa upande gani wa handaki, limelala na maganda gani. Na vitabu vyenye safu ya bei ndivyo vinavyoharakisha mikono kuling'oa hapo, maana bei hupanda kwa uchache wa chapa, wala mahali lilipookotwa hapana thamani kwenye jedwali.

Hata hivyo nisingevichoma. Bila K ile nisingejua kuna swali la kuuliza. Ila ningemwomba mwandishi wa toleo lijalo aifute safu ya bei, nafasi ile aiache tupu, msomaji aandike kwa kalamu ya risasi jina la kilima alipoliokota.