Maneno Dhidi ya Ala: Ugomvi wa Mashabiki wa Muziki wa Italia wa Miaka ya 1970

Ukianza kuwasikiliza Waitaliano wa miaka ya 1970, hukawii kugundua kwamba mashabiki wao wamegawanyika mafungu mawili yasiyopikika chungu kimoja. Fungu la kwanza ni la watunzi wanaoimba mashairi yao wenyewe: Fabrizio De André wa Genova, Francesco Guccini, Francesco De Gregori. La pili ni la bendi za roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zinazotegemea ala: Premiata Forneria Marconi, ambayo wote huiita PFM, Banco del Mutuo Soccorso, Le Orme, Area. Wa kwanza husema bendi hizo ni kelele ndefu za vijana waliosikia bendi ya Kiingereza ya King Crimson wakapagawa. Wa pili hujibu kwamba watunzi wale ni washairi walioshika gitaa kwa sababu vitabu vya mashairi haviuziki. Kila upande una hoja, na kila upande unapotosha kidogo.

Nianze na watu wa maneno, maana ndio wenye sauti kubwa zaidi huko Italia kwenyewe. Mwaka 1971 De André alitoa albamu ya Non al denaro non all'amore né al cielo. Alikichukua kitabu cha Mmarekani Edgar Lee Masters kuhusu Spoon River, ambamo marehemu wa mji mdogo wanasimulia maisha yao wakiwa makaburini, akaandika upya baadhi ya mashairi hayo kwa Kiitaliano akisaidiana na Giuseppe Bentivoglio. Sikiliza Un giudice, wimbo wa hakimu. Msimuliaji ni mtu wa kimo kifupi mno, aliyekua akichekwa, umbea wa matusi kuhusu maumbile yake ukimfuata kila aendako. Anajifungia usiku kusoma sheria. Anakuwa hakimu. Sasa waliomcheka wanasimama mbele yake kwa heshima zote, naye anawakabidhi kwa mnyongaji bila kuficha raha yake, mpaka siku anapolazimika yeye kupiga magoti mbele ya Mungu asiyejua ana kimo gani. Mahadhi ni mepesi, ya kuchezeka kabisa, na hapo ndipo ukatili ulipo: unatikisa kichwa kwa furaha huku mtu akikueleza kisasi chake. Hakuna bendi ya progresivu iliyowahi kufanya jambo kama hilo kwa dakika tatu.

Lakini si watunzi wote wanaopita mtihani huo kwa alama zilezile. Albamu ya Guccini ya Radici (1972) ina La locomotiva, wimbo wa zaidi ya dakika nane kuhusu Pietro Rigosi, mfanyakazi wa reli ambaye mwaka 1893 aliiteka injini ya treni karibu na Bologna na kuikimbiza mpaka ajali. Hadithi ni nzito na Waitaliano wengi wanaijua kwa moyo. Muziki wake, hata hivyo, unarudi palepale beti baada ya beti. Mashabiki watakwambia huo ndio mwendo wa magurudumu, na jibu hilo lina akili. Mimi nimelikubali nusu. Asiyejua Kiitaliano hana cha kushika ndani ya wimbo huo baada ya dakika ya tatu, na kumwambia akasome tafsiri kwanza ni kumpa kazi ya shule.

Kwa msikilizaji wa namna hiyo PFM ni mlango mpana. Impressioni di settembre, kutoka Storia di un minuto ya 1972, inaanza kwa sauti ya chini: mtu yuko peke yake mashambani asubuhi, kuna umande, kuna ukungu, anajiuliza yeye ni nani. Beti zinapanda taratibu, unasubiri kiitikio, na kiitikio hakiimbwi. Minimoog, sinthesaiza (kinanda cha umeme) iliyokuwa ngeni kabisa Italia wakati ule, ndiyo inayokichukua na kukipaza juu ya bendi nzima. Maneno yamefika mwisho wa uwezo wake, chombo kimepokea kijiti. Anayesema progresivu ya Italia ilikuwa maonyesho ya vidole tu hajausikiliza wimbo huu mpaka hapo.

Tena kuna jaribio lililofanywa kweli, halihitaji nadharia. Mwaka 1973 PFM walitoa Photos of Ghosts kwa soko la nje kupitia Manticore, lebo ya bendi ya Kiingereza ya Emerson, Lake & Palmer. Pete Sinfield, aliyekuwa akiwaandikia King Crimson, alitunga maneno ya Kiingereza juu ya muziki wao, mara nyingi bila kujali asili inasema nini. Albamu haikufa. Mwaka huohuo Le Orme nao walitoa Felona e Sorona, hadithi ya sayari mbili, na toleo la Kiingereza likaandikwa na Mwingereza Peter Hammill. Muziki ukasimama kama ulivyo. Sasa jaribu kumvua De André maneno yake, umvike mengine yasiyohusiana: Un giudice inabaki kuwa wimbo mzuri wa kuchezea harusini, basi.

Watu wa ala huishia hapo na kutangaza ushindi. Ni mapema. Jaribio hilohilo linaonyesha pia kwamba maneno ya bendi nyingi yalikuwa ya kujazia nafasi. Ukiondoa kitu na hakuna anayekilalamikia, labda kilikuwa mzigo tu. Banco ndio wanaoniokoa nisitoe hukumu ya jumla. Darwin! (1972) ni albamu nzima kuhusu mageuzi ya viumbe, na kichwa cha habari kama hicho kinatisha. Vittorio na Gianni Nocenzi wanapishana kwenye vinanda, na wimbo wa kwanza pekee unakula karibu dakika 14. Kisha unafika 750.000 anni fa... l'amore? Francesco Di Giacomo anaimba nafasi ya kiumbe ambaye bado hajawa mtu kamili. Anamwona mwanamke, anamtamani, na anajua kwa mwili wake usio na lugha kwamba hatamkaribia. Di Giacomo alikuwa mtu wa tambo kubwa na sauti ya kiopera, lakini hapa anaibana. Wimbo huo ungeweza kukaa katika albamu yoyote ya De André na kusingetokea mtu wa kuuliza umetoka wapi.

Area wana kesi yao wenyewe. Mwimbaji wao Demetrio Stratos, Mgiriki aliyezaliwa Alexandria nchini Misri, aliigeuza sauti kuwa ala, na ugomvi huu ukakosa pa kumweka. Alifariki mwaka 1979 akiwa na miaka 34.

Kinachosahaulika katika mabishano yote haya ni kwamba watu wenyewe walikuwa studio zilezile. De André aliporekodi La buona novella mwaka 1970, albamu inayosimulia maisha ya Maria na Yesu kwa kutumia injili zisizomo katika Biblia, waliompigia vyombo walikuwa kundi la I Quelli pamoja na Mauro Pagani. Muda mfupi baadaye haohao ndio waliokuja kuwa PFM. Miaka kadhaa mbele, 1978 na 1979, wakamshawishi wazunguke pamoja nchi nzima. De André aliogopa jukwaa kiasi kwamba hadi 1975 alikuwa hajaanza kufanya matamasha. Albamu ya moja kwa moja iliyotokana na ziara hiyo ni sehemu nzuri ya kupima, kwa sababu nyimbo ni zilezile na kilichobadilika ni vyombo.

Chukua Il pescatore. Mvuvi mzee anaamshwa na muuaji anayekimbia, anampa mkate na divai bila kumuuliza chochote, na askari wanapokuja hawapati kitu kutoka kwake. Toleo la 1970 ni la polepole, limejaa hewa. PFM wakalitia dramu na mapigo ya kuinua watu vitini, na toleo hilo ndilo Italia nzima inaloimba leo. Siku zote nimeona wamelipunguza: maelfu wanapiga makofi pale ambapo mzee amenyamaza ili mtu asikamatwe. Ila katika albamu hiyohiyo kuna Amico fragile, na gitaa la solo la Franco Mussida linasema hasira ambayo sauti ya De André, kwa ubaridi wake, ilikuwa inaificha tu katika toleo la studio. Hapo bendi imeongeza, tena sana.

Albamu inayowachanganya wote ni Crêuza de mä ya 1984. De André aliimba kwa Kigenova, lugha ambayo Waitaliano wengi hawaielewi, na bado wakaipokea kama kazi yake kubwa. Muziki aliuandaa Pagani, aliyekwisha kutoka PFM, akitumia ala za pande zote za Bahari ya Kati. Kuna udi, ule ule wa taarabu, kuna buzuki, na mwisho wa wimbo wa kwanza kuna sauti halisi za wauza samaki wa sokoni Genova. Basi ile hoja kwamba De André ni maneno matupu imekwenda wapi, ikiwa wananchi wake mwenyewe walimpenda bila kumwelewa? Sisi tuliocheza rumba la Franco na TPOK Jazz miaka yote bila Kilingala hatuna haja ya kuelezwa inawezekanaje.

Ni kweli pia kwamba wengi wetu tulipokuja kufasiriwa yale ya Franco, tuligundua tulikuwa tunacheza juu ya masimango makali. Crêuza de mä inayo kesi ya namna hiyo, Sidùn. Usiyejua lugha unasikia ombolezo zuri lenye nyuzi taratibu. Anayejua anamsikia baba wa mji wa Sidoni, Lebanoni, akiongea na mwanawe aliyesagwa na kifaru cha kijeshi, na kabla yake zinapita sauti za Ariel Sharon wa Israeli na Ronald Reagan wa Marekani. Hapo watu wa maneno wanastahili pointi yao na siwanyimi. Wasisahau tu kwamba ombolezo lenyewe, lile linalomgusa hata asiyejua Kigenova, limetoka mikononi mwa Pagani, aliyekuwa mpiga fidla wa PFM.