Glita, shima au jicho la paka? Uliza kwanza taa za ukumbi

Juzi nilikuwa Kariakoo natafuta rangi ya kucha ya sendofu ya mdogo wangu, muuzaji akanipangia chupa kama ishirini zote zinameremeta, nikamwambia subiri kaka, nataka kutoka nazo mlangoni nizione juani halafu nirudi nizione hapa ndani. Alinishangaa lakini akaniruhusu. Na kwa kweli hapo ndipo wengi tunapokosea, tunachagua kwa jinsi chupa inavyong'aa chini ya ile taa nyeupe ya dukani, tukifika kwenye shughuli rangi imelala.

Holo, ile rangi ya kucha yenye chembe za upinde wa mvua, ndiyo inadanganya kuliko zote. Zile chembe zake zina mistari midogo sana inayoupasua mwanga, ndo maana juani unaona upinde wa mvua mzima kwenye kucha, yaani unatembea barabarani huku unajiangalia mkono tu. Sasa ipeleke ukumbini kwenye taa za njano zilizofifia, inakuwa kijivu. Holo ni ya mchana bana, Eid asubuhi, ufukweni, picha za nje.

Shima ndo kipenzi changu cha siku zote. Inang'aa kwa unga wa mika, jiwe lililosagwa likapakwa madini mengine juu, kwahiyo inalala vizuri kwenye kucha, haikwaruzi, na kuitoa ni pamba na asetoni, ile dawa ya kutolea rangi, basi.

Glita kubwa, zile za vipande vyenye pembe sita, mimi nimeacha kabisa na nina sababu. Ni plastiki ile, imepakwa alumini. Inakuwa na mabonde hata upige topkoti, ile ya kumalizia juu, mara mbili, na ukivaa leso au mtandio wa lesi kila saa unanasa uzi. Kuitoa unatakiwa uloweshe pamba na asetoni, ufunge kidole na foili dakika kama kumi. Kuna saluni moja dada aliona foili inamchelewesha akanikwangua na chuma, kucha zikawa laini kama karatasi, na kucha ya mkono inakua kama milimita tatu tu kwa mwezi, kwahiyo nilikaa karibu nusu mwaka nasubiri zile zilizoharibika ziishe. Niliumia sana. Na hivyo vipande vikitoka vinaenda kwenye maji, huko Umoja wa Ulaya glita ya plastiki ya kumwaga ilikatazwa kuuzwa tangu Oktoba 2023, za kwenye rangi za kucha wamezipa muda mpaka 2035. Kama unaipenda sana weka kidole cha pete peke yake, na chini yake pakaa ile beskoti ya kubanduka, yaani rangi ya chini unayoivua kama ganda.

Kwa sisi tunaosali kuna hesabu nyingine tena, maana rangi inazuia maji ya udhu, ndo maana mashangazi zetu hawabanduki kwenye hina. Jeli, ile ya kukaushwa na taa inayokaa wiki mbili, kwangu haiingii, nataka kitu cha usiku mmoja kinachotoka haraka.

Kwahiyo mdogo wangu nimemchukulia jicho la paka, rangi ya zambarau iliyoiva, ile ya kukauka na upepo sio ya taa. Ina unga wa chuma, ukisogeza sumaku unajikusanya mstari mmoja, na huo mstari hata kwenye taa hafifu unaonekana, akigeuza mkono nao unatembea. Atatia udhu kwanza ndo apakwe, alfajiri tunaitoa. Sema msipake vidole vyote kwa mpigo, paka tabaka la pili la rangi kidole kimoja, shika sumaku karibu bila kugusa sekunde kama kumi na tano rangi ikiwa bado mbichi, ndo uende kidole kinachofuata. Jana nimejaribu kwenye gumba langu sebuleni, umeme umekatika tuna tochi ya simu tu, mstari ule ulivyowaka mama mwenyewe akaniomba nimpake.